Nini Kifundishwe na Kifundishwe Vipi: Taaluma ya Mitaala na Mwalimu wa Fasihi Nchini Kenya

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari aliye na shahada ya kwanza ya elimu, anapoamua kurudi chuoni kutafuta shahada ya uzamili, hujikuta kwenye njia panda. Akielekea katika Idara ya Kiswahili, atasoma nadharia za uhakiki, isimu na historia ya fasihi. Na katika tasnifu yake anaweza kuchambua riwaya au tenzi bila kumtaja mwanafunzi hata mara moja. Akielekea katika Kitivo cha Elimu, kwenye idara inayoshughulikia mitaala na ufundishaji, atasoma misingi ya ukuzaji wa mitaala, mbinu za utafiti na tathmini. Na katika tasnifu yake anaweza kuchunguza vifaa, mitazamo ya walimu na matokeo ya mitihani bila kusoma ubeti mmoja kwa makini. Kila mlango humpa nusu ya kazi aliyoiacha shuleni. Baada ya miaka miwili au mitatu hurejea darasani, na huko nusu hizo mbili hudaiwa kwake kwa pamoja, katika kipindi kimoja cha dakika arubaini.

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi mgawanyiko huu ulivyotokea. Hoja yetu ni kwamba swali la nini kifundishwe na swali la kifundishwe vipi hayakutenganishwa na maumbile ya elimu. Yalitenganishwa na historia ya vyuo, historia ambayo mwanzo wake uko Marekani na ambayo ilifika kwetu kupitia Makerere na Kahawa. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba katika historia yetu wenyewe kipo kipindi kifupi ambapo maswali hayo yaliulizwa pamoja, na kwamba matunda yake tunayala hadi leo.

Taaluma Iliyozaliwa Chicago na New York

Katika kijitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu mtoto na mtaala, John Dewey, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, alishikilia kwamba mtoto na somo ni ncha mbili za mchakato mmoja, na kwamba anayezitazama kama maadui amekwisha kukosea. Dewey aliondoka Chicago mwaka 1904. Chuoni humo humo alikuja Franklin Bobbitt, mtu mwenye mtazamo tofauti kabisa. Mwaka 1912 Bobbitt aliandika kuhusu kuondoa upotevu katika shule, akiazima msamiati wa usimamizi wa viwanda. Na mwaka 1918 akachapisha *The Curriculum*, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza kuifanya mitaala taaluma inayojisimamia. Kwa Bobbitt, kazi ya mtaalamu ilikuwa kuchanganua shughuli za watu wazima na kuzigeuza ziwe orodha ya mambo ambayo mtoto atayarishwe kuyatenda. Hapa ndipo mjuzi wa mitaala alipoanza kuwa mtu mwingine, mbali na mjuzi wa somo.

Taaluma ilipata makao rasmi mwaka 1938, pale Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, ilipounda idara ya mitaala na ufundishaji chini ya Hollis Caswell. Walimu waliokuwa kazini waliweza sasa kurudi chuoni kusomea mtaala wenyewe, kama vile wengine walivyosomea historia au kemia. Miaka 11 baadaye, mwaka 1949, Ralph Tyler alichapisha *Basic Principles of Curriculum and Instruction*, kitabu chembamba kilichotokana na muhtasari wa kozi aliyoifundisha Chicago. Tyler alikuwa ameongoza tathmini katika ule utafiti wa miaka minane, kuanzia 1933 hadi 1941, uliozihusisha shule thelathini za sekondari za Marekani. Kutokana na tajriba hiyo alipendekeza maswali manne: shule ikusudie kufikia malengo gani, ni tajriba zipi zitakazowezesha malengo hayo kufikiwa, tajriba hizo zipangwe vipi, na tutajuaje kwamba malengo yamefikiwa. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake waliyapanga malengo ya kiakili katika ngazi sita, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na kitabu chao wakamtunukia Tyler.

Yafaa tumtendee haki Tyler. Katika mpango wake, malengo yalitoka katika chemchemi tatu: wanafunzi, maisha ya jamii ya wakati huo, na wataalamu wa masomo. Mhakiki wa fasihi alikuwa amewekewa kiti. Hata hivyo, kitu kimoja kilikuwa kimebadilika kimyakimya. Swali la *nini* sasa liliulizwa kwa jina la *lengo*, na lengo likafasiriwa kuwa badiliko katika tabia ya mwanafunzi. Matini ikawa chombo cha kuleta badiliko hilo, na chombo, kwa jinsi kilivyo, chaweza kubadilishwa na kingine. Kwa somo la kupiga chapa fasiri hiyo haina madhara. Kwa fasihi madhara yake ni makubwa, kwa maana shairi halina mbadala: anayelifupisha kuwa funzo amepata funzo na kulipoteza shairi.

Kutoka Makerere hadi Kahawa

Njia iliyoileta taaluma hii kwetu inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mnamo Desemba 1960 wawakilishi wa Afrika Mashariki, Uingereza na Marekani walikutana Princeton kujadili uhaba wa walimu wa sekondari katika nchi zilizokuwa zikikaribia uhuru. Matokeo yake yalikuwa mpango uliojulikana kama Teachers for East Africa, ulioanza mwaka 1961. Kwa upande wa Marekani mpango huu ulisimamiwa na Teachers College, chuo kile kile kilichokuwa na idara ya mitaala tangu 1938. Mamia ya walimu Wamarekani waliletwa, na baadhi yao walipitia Makerere kusomea stashahada ya elimu kabla ya kutawanywa shuleni. Baadaye mkazo ulihamia kwenye kuwaelimisha walimu wa walimu. Makerere yenyewe ilikuwa imelelewa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo katika chuo kimoja zilikutana mila mbili, ya Waingereza iliyomthamini mwalimu mwenye somo lake, na ya Wamarekani iliyomthamini mwalimu mwenye mbinu.

Nchini Kenya, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu iitumikie nchi mpya, na kazi ya kuandaa mitaala ikaja kukabidhiwa Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo mwaka 2013 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya. Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Waingereza iliyoko Kahawa ilikabidhiwa serikali ya Kenya na kugeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 chuo hicho kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na mwaka 1978 Kitivo cha Elimu kikahamishwa kutoka Nairobi hadi Kahawa, hata Kahawa ikawa kwa muda mahali pekee nchini pa kuwaelimisha walimu katika shahada ya kwanza na zile za juu. Chuo hicho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985.

Uhamisho wa 1978 ulikuwa na sababu zake za kiutawala, na Kahawa ilikuza idara zake za Fasihi na za Kiswahili zilizojipatia sifa. Hata hivyo, matokeo yake kwa Nairobi yanastahili kutajwa. Idara ya Fasihi, iliyokuwa imetikisa ufundishaji wa fasihi katika bara zima, ilibaki mjini. Wenzao wa elimu wakawa upande wa pili wa barabara ya Thika. Katika shahada ya kwanza pengo hilo halikuonekana sana, kwa kuwa mwanafunzi wa elimu husoma somo lake katika idara moja na ualimu katika idara nyingine, naye mwenyewe huwa daraja kati ya hizo mbili. Ni katika masomo ya uzamili na uzamifu ambapo daraja hilo hukatika, kwa kuwa huko mtu hutakiwa kuwa na idara moja, msimamizi mmoja na mada moja.

Mwaka 1968 na Mwaka 1974

Kabla ya daraja kukatika palikuwa na kipindi cha miaka sita kinachostahili kusomwa upya na wanafunzi wa mitaala. Mnamo tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliwasilisha waraka uliotaka Idara ya Kiingereza katika Nairobi iondolewe na mahali pake pachukuliwe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Wahakiki tumezoea kuusoma waraka huo kama tamko la ukombozi wa kitamaduni, na ndivyo ulivyo. Lakini kwa umbo lake ni waraka wa mtaala. Unauliza ni kipi kiwe kiini, ni kipi kifuate, mwanafunzi aanzie wapi kabla ya kwenda mbali, na lugha zipi ziwe za lazima, Kiswahili kikiwemo. Unaipa fasihi simulizi nafasi ya somo lenye hadhi yake. Uliandikwa na watu ambao nguvu yao ilitoka katika uandishi na usomaji wa fasihi wenyewe, wala hawakuazima ngazi za Bloom ili wafikirie kuhusu mpangilio wa maarifa.

Mabadiliko ya chuoni yangeweza kubaki chuoni. Yaliyoyashusha shuleni ni mkutano uliofanyika katika Shule ya Nairobi mnamo Septemba 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Waliohudhuria walikuwa walimu wapatao 200 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, pamoja na wahadhiri wa fasihi na wahadhiri wa elimu. Muundo huo ndio tunaotaka kuusisitiza. Chini ya paa moja walikaa mtu anayejua kwa nini ngano ni fasihi, mtu anayejua silabasi hutungwaje, na mtu ambaye Jumatatu asubuhi atasimama mbele ya wanafunzi arubaini. Baadhi ya mada za mkutano zilihaririwa na Eddah Gachukia na S. Kichamu Akivaga na kuchapishwa mwaka 1978, mwaka ule ule Kitivo cha Elimu kilipohamia Kahawa. Kuingia kwa fasihi simulizi katika mitaala ya shule, pamoja na vitabu vya kiada vilivyofuata kama kile cha Jane Nandwa na Austin Bukenya cha 1983, ni tunda la mazungumzo hayo. Hatuna budi kukiri kwamba mkutano wa 1974 ulihusu zaidi fasihi iliyofundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakijawahi kupata mkutano wa uzito kama huo ambapo wahakiki, wataalamu wa mitaala na walimu walikaa kuuliza kwa pamoja maana ya kufundisha fasihi yake.

Malengo Yalipoingia katika Riwaya

Mfumo wa 8-4-4, uliopendekezwa na Tume ya Mackay na kuanzishwa mwaka 1985, ulikipa Kiswahili hadhi ambayo wapenzi wake walikuwa wameipigania kwa muda mrefu. Kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mfumo huo ulifanywa mwaka 1989. Haja ya walimu wa Kiswahili iliongezeka ghafla, na haja ya silabasi, vitabu na mitihani ikaongezeka nayo. Lugha iliyokuwapo ya kuandikia silabasi hizo ilikuwa lugha ya malengo: *kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze* kutaja, kueleza, kubainisha.

Tusiwe wepesi wa kuidharau lugha hii. Mwalimu mpya aliyepelekwa katika shule isiyo na maktaba, akiwa peke yake katika idara yake, aliipata katika malengo hayo ramani ya kumwongoza. Mtahini aliyesahihisha maelfu ya karatasi kutoka shule za mijini na za mashambani aliipata ndani yake njia ya kuwatendea haki wote. Aliyezaliwa mbali na pwani, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu, hakuweza kutegemea kwamba ladha ya ushairi ingemjia yenyewe. Taaluma ya mitaala ilileta usawa wa aina fulani, na usawa si jambo dogo.

Gharama yake hata hivyo imelipwa na matini. Riwaya kama *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya viliisoma kwa ajili ya mtihani, iliwavutia vijana wengi kwa utamu wa usimulizi wake. Darasani ilivunjwavunjwa iwe muhtasari, dhamira, wahusika na sifa zao, na mbinu za lugha pamoja na mifano yake. Kila kipengele kinaweza kukaririwa bila riwaya kufunguliwa. Na hapa wahakiki hatuwezi kunawa mikono. Vitabu vya miongozo, ambavyo kwa mwanafunzi wa kawaida ndivyo mtaala halisi wa fasihi, vingi vimeandikwa na sisi wenyewe. Mhadhiri ambaye asubuhi hufundisha kwamba maana ya matini haina kikomo, jioni huandika mwongozo wenye maana moja kwa kila sura. Tunaidharau taaluma ya mitaala katika semina zetu, kisha tunaitumikia sokoni, tena katika sura yake hafifu kabisa.

Wataalamu wa mitaala nao wana hesabu yao. Vitabu vilivyoandikwa Kenya kuhusu taaluma hiyo, kama kile cha Shiundu na Omulando cha 1992, vilifanya kazi kubwa ya kuieleza historia na taratibu zake kwa mifano ya hapa nchini. Lakini taaluma inayoyazungumzia masomo yote kwa pamoja haiwezi kukaa na somo lolote kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa uzamili hufunzwa kupima mtazamo wa walimu kuhusu fasihi kwa hojaji, wala hafunzwi kuuliza kama fasihi inayofundishwa bado ni fasihi.

Mitaala Ilipoazima Uhakiki

Jambo ambalo halijulikani sana miongoni mwa wahakiki ni kwamba upinzani mkali dhidi ya mtaala wa malengo ulitoka ndani ya taaluma ya mitaala yenyewe, na ukatoka upande wa sanaa. Nchini Uingereza Lawrence Stenhouse, katika kitabu chake cha 1975, alitoa hoja kwamba elimu inayomwingiza mwanafunzi katika maarifa hufaulu kadiri inavyoyafanya matokeo yake yasitabirike; na kwamba mtafiti wa kwanza wa mtaala ni mwalimu katika darasa lake mwenyewe. Nchini Marekani Elliot Eisner, mtu aliyeanzia katika uchoraji kisha akapata uzamifu wake Chicago mwaka 1962, aliuliza mwaka 1967 kama malengo yaliyoandikwa mapema ni msaada au ni kikwazo. Katika kitabu chake cha 1979, *The Educational Imagination*, alipendekeza kwamba darasa litazamwe jinsi mhakiki anavyoitazama kazi ya sanaa. Mchunguzi awe kwanza na umaizi wa mwonjaji, mfano wa waonjaji wa chai katika mnada wa Mombasa ambao ulimi wao hutambua kile ambacho mizani haiwezi kukipima. Kisha awe na lugha ya kuwawezesha wengine nao kukitambua.

Tazama kejeli iliyopo hapa. Taaluma iliyojitenga na masomo ili iwe sayansi ilipofika mwisho wa vipimo vyake, iligeuka na kuazima jina na mbinu za uhakiki. Nasi tulio wahakiki kwa kazi hatujaenda kudai deni letu.

Fasihi yetu ingeweza kuwafunza wataalamu hao jambo hilo mapema zaidi. *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa takriban mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, unaanza kwa kumwita binti akaribie na kuleta wino na karatasi. Mafunzo yanayofuata, kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa, yanaweza kujadiliwa na kupingwa, na wahakiki wengi wamefanya hivyo. Lakini kama tendo la kufundisha, utendi huu haukubali kugawanywa. Ukaribu wa mama na mwana, kalamu iliyo mkononi mwa mwanafunzi, na mizani na vina vinavyoyafanya maneno yakumbukwe, yote ni sehemu ya kile kinachofundishwa. Anayeandika malengo ya utendi huu kwenye safu moja na mbinu zake kwenye safu nyingine atakuwa ameandika kuhusu kitu kingine.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba njia panda ya mwalimu wetu ilichongwa na maamuzi ya watu: idara ya 1938, kitabu cha 1949, mpango wa 1961, uhamisho wa 1978. Kilichochongwa na watu chaweza kuchongwa upya, na mifano ipo. *Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu* cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah, kilichotoka mwaka 1999, kiliyaweka maswali yote mawili katika jalada moja na kwa Kiswahili. Kinachosikitisha ni kwamba kitabu hicho hakikuzaa programu ya masomo inayolingana nacho.

Haja yenyewe imezidi. Mtaala wa umahiri, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, umekuja na msamiati wake mpya, na mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Walimu wanatakiwa kukuza umahiri, maadili na ubunifu kupitia masomo yote. Fasihi ina mengi ya kuchangia hapo, ikiwa tu watakaoyasema ni watu wanaoijua kutoka ndani. La sivyo, orodha ya malengo itatupwa na orodha ya umahiri itaingia mahali pake, na riwaya itaendelea kuvunjwavunjwa vilevile.

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji jengo jipya wala fedha nyingi. La kwanza, tasnifu za uzamili zinazohusu ufundishaji wa fasihi zisimamiwe kwa pamoja na mhakiki mmoja na mtaalamu wa mitaala mmoja, na zisipitishwe pasipo uchambuzi wa kina wa angalau matini moja kama ilivyosomwa katika darasa moja. La pili, idara za Kiswahili zikubali miongozo, silabasi na karatasi za mitihani kuwa matini zinazostahili uhakiki, kwa sababu ndizo zinazowafikia wasomaji wengi kuliko riwaya zenyewe. La tatu, paitishwe kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili mkutano wa aina ya ule wa 1974, ambapo mwalimu wa darasani atakaa mezani akiwa na sauti sawa na wengine. Mwalimu huyo ndiye pekee kati yetu ambaye, kila siku ya kazi, hulazimika kuyajibu maswali yote mawili kwa mkupuo mmoja. Masomo ya juu yanayomrudisha darasani akiwa na jibu la swali moja tu yamempunguzia, hata kama yamemwongezea cheo.